Ukikutana na Nyati kwenye Mianzi

Wakazi wengi wa Nairobi wanaopanda milima wikendi wanajua kanuni moja tu ya wanyama wakali: simama imara, jifanye mkubwa, piga kelele. Kwa simba na fisi kanuni hiyo inafaa, maana hao wanakupima kama unaweza kuwa windo, na ukikimbia umeshawajibu. Nyati hali nyama. Anachotaka ni uondoke alipo, na akishaamua kukujia, mara nyingi haji kutisha tu. Ukimtunishia kifua, umemzibia njia mnyama anayeweza kufika kilo 700 na kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa kabla hamjaonana. Kundi kubwa halisumbui sana: likikusikia huinua vichwa, hunusa, kisha huondoka pamoja. Wa kuogopwa ni dume mzee aliyeachana na wenzake. Hulala kwenye kichaka kizito karibu na maji au tope, na akisikia sauti zenu hatoki, hutulia akingoja mpite. Ajali nyingi huanzia hapo, mtu anapomfikia hatua kumi bila kujua.

Jifunze kusoma kinyesi. Kinafanana na cha ng'ombe: bapa, kwa matabaka. Kikiwa bado kinang'aa, kigeuze kwa kijiti. Kikiwa na joto ndani, mwenyewe hayuko mbali. Gamba kavu la kahawia lililopasuka kwa kawaida ni la jana au zaidi, ila juu kwenye milima ya Aberdare, kwenye ukungu, gamba huchelewa kukauka, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Harufu ya zizi mahali pasipo na zizi ni onyo. Na kwenye hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ukiona shashi, wale ndege wa kahawia wanaokula kupe mgongoni mwa wanyama, wakiruka ghafla kutoka kichakani, simama kwanza.

Usiingie kwenye mianzi kabla jua halijachomoza vizuri, na uwe umetoka kabla ya jioni, kwa kuwa alfajiri na magharibi ndizo saa zao za kula na kunywa. Vua vipokea sauti masikioni. Ongea kwa sauti ya kawaida, na uipandishe kila mnapokaribia kona. Mbwa abaki nyumbani: humchokoza nyati, kisha humkimbilia mwenye mbwa, na nyati yuko nyuma yake.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni la vikundi vikubwa. Watu 30 wanatoka na askari mmoja wa msitu mwenye bunduki, wenye mbio wanamfuata, wachovu wanabaki nyuma nusu kilomita. Nyati aliyeshtuliwa na wa mbele huwakuta hao wa nyuma, wasio na ulinzi wowote. Mwendo uwe wa yule wa polepole kuliko wote, na mwombe askari wa pili afunge msafara.

Ukimwona yuko mbali, tuseme mita 50 au zaidi, nyamaza na usimame. Rudi nyuma taratibu kwa upande, bila kumpa kisogo, na umwachie njia wazi ya kuondokea. Wakati huo huo chagua mti. Usingoje aanze kuja ndipo uutafute. Akiinua pua juu akikukazia macho, au akitikisa kichwa, uwe tayari umeufikia. Mti unaofaa una shina nene kama paja na matawi ya kushika, na miguu yako ifike angalau mita mbili na nusu kutoka chini. Mwanzi si mti: unateleza, unapinda, na unakurudisha chini. Katikati ya mianzi tafuta mwamba au shina nene la kuzunguka. Mkoba ukikuzuia kupanda, uangushe.

Kimbia tu kama mti uko hatua chache. Kama hakuna, lala kifudifudi, kwenye mtaro au shimo ukiweza, jibane na ardhi, mikono ikifunika shingo. Pembe zake hushuka kwanza kisha hupinda juu, hivyo humwia vigumu kumnyanyua mtu aliyelala bapa. Atakukanyaga pengine, na utaumia, lakini kukanyagwa ni afadhali kuliko kutobolewa tumbo. Akinyamaza, usiinuke haraka. Huenda amesimama palepale akikutazama, na ukijitikisa ataanza upya.

Jeraha la pembe hudanganya: tundu dogo nje, ndani limechimba na kubeba uchafu. Damu ikitoka kwa kasi, na jeraha si la kifua wala tumbo, jaza kitambaa safi ndani ya tundu na ukandamize kwa nguvu zote bila kufunua kutazama. Isipokoma na jeraha liko mguuni au mkononi, funga mkanda mpana, umbali wa sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti mpaka damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Hospitalini sema wazi kwamba ni pembe ya nyati, ili daktari alisafishe mpaka chini kabla ya kufikiria kushona, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.