Mbwa kwenye kliniki ya meno? Ndiyo, ila mzazi aulizwe kwanza

Swali lenu la wiki hii, kama ni sawa kliniki ya meno kuweka mbwa wa kuwatuliza watoto, linaihusu kazi yangu moja kwa moja. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Louisville, Kentucky, na wengi ninaowasaidia ni wazazi kutoka Kongo wanaowaleta watoto kuzibwa au kung'olewa meno. Jibu langu ni ndiyo, ila mzazi aulizwe mapema, tena kwa lugha anayoielewa.

Faida yake nimeiona kwa macho yangu. Mtoto kalala kwenye kiti, mbwa kajilaza juu ya mapaja yake, shuka safi katikati, mwenye mbwa kashika kamba pembeni. Vidole vya mtoto vimezama kwenye manyoya nyuma ya sikio. Sindano ya ganzi inapokuja, mkono ule hauruki kuidaka, maana una shughuli yake. Hicho ndicho daktari anachokihofia: mtoto kushtuka ghafla sindano ikiwa mdomoni. Uzito wa mbwa nao unaituliza miguu. Na mbwa hamwambii mtoto "usilie, wewe mkubwa sasa."

Wala si jambo la jana. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York aliandika jinsi mtoto aliyekuwa amejifungia alivyoanza kufunguka mbele ya Jingles, mbwa wa Levinson mwenyewe. Leo baadhi ya kliniki za meno za watoto Marekani zina mbwa wao.

Lakini mtoto aliyetoka Kivu, au aliyelelewa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, anamjua mbwa wa kulinda boma na kufukuza wezi. Amesikia habari za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Akifunguliwa mlango akakutana na mbwa mkubwa, ameongezewa hofu juu ya hofu. Kwa familia za Kiislamu za madhehebu ya Shafi kuna jingine: mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nimemwona mama akimkumbatia mwanawe huku akirudi nyuma hadi ukutani, mhudumu akitabasamu na kurudia kwamba mbwa huyu hang'ati. Nikatafsiri, lakini si kung'atwa alikokuwa anakuogopa yule mama. Aliwaza sala ya adhuhuri na nguo za mtoto.

Wazazi wajue hili: sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inamlinda mbwa anayemhudumia mlemavu, kama yule wa kumwongoza kipofu. Mbwa wa faraja hamo. Ukimkataa hujavunja sheria wala hujamkosea daktari. Wengi hunyamaza kwa heshima, wakidhani ni sehemu ya matibabu.

Kwa hiyo kliniki ziulize kwa simu, siku ileile ya kupanga miadi: mtoto anapenda mbwa? Ana pumu au mzio wa manyoya? Nyumbani mnaruhusu? Asiyemtaka apangiwe siku ambayo mbwa hayupo, na daktari atumie njia ya zamani ya madaktari wa meno: amweleze mtoto, amwonyeshe kifaa, ndipo amtibu, huku wakikubaliana kwamba mtoto akiinua mkono, kazi inasimama.