Bima ya nyumba: benki wanailinda nyumba yangu au hela yao?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mke wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza hapa Marekani, mkopo umepita, sasa afisa wa mkopo anadai tulete bima ya hazadi kabla ya siku ya kusaini. Kwenye karatasi ya gharama naona tena kuna bima ya mkopo, hivi si ni kulipa mara mbili? Halafu agenti wa bima kanipa bei mbili za hiyo ya hazadi, moja nafuu sana. Nichukue ipi?
Baba wa wawili

JIBU: Hongereni sana kaka, na poleni na hizo karatasi. Hamlipi mara mbili, hizo ni bima mbili tofauti kabisa. Ile ya mkopo inailinda benki mkishindwa kulipa, nyie hampati hata senti, na kawaida wanaidai kama mmetanguliza chini ya asilimia 20 ya bei ya nyumba. Ya hazadi ni ya jengo lenyewe: moto, radi, upepo, mvua ya mawe. Benki wanaing'ang'ania kwa sababu nyumba ndo dhamana yao, ikiungua kesho wanabaki na kiwanja na majivu.

Kwa kawaida huinunui peke yake, inakuja ndani ya bima nzima ya mwenye nyumba, yenye pia vitu vyenu vya ndani, gharama ya kukaa pengine wakati nyumba inatengenezwa, na mgeni akiteleza kwenye ngazi zenu akavunjika akawashitaki. Benki hawana habari na makochi yenu, hilo uliza mwenyewe.

Sasa hizo bei mbili. Hiyo nafuu naiogopa bila hata kuiona, na nakuomba ukaangalie sehemu ya paa kabla ya kitu kingine. Kuna bima inayolipa gharama ya kuweka kipya, na kuna inayolipa thamani iliyobaki baada ya kutoa uchakavu, na tofauti yake unaijua siku mvua ya mawe imeshapita. Chukulia paa jipya ni dola 20,000, la kwenu lilitegemewa kukaa miaka 20 na limeshakula 15, basi kwa hesabu ya uchakavu limebaki na robo, dola 5,000, toa, tuseme, 2,000 mlizokubali kwenye mkataba kubeba wenyewe kabla bima haijalipa, mnapewa 3,000 na fundi anasubiri 20,000. Hapo ndo unafuu wote unapoishia.

Pia kiwango cha bima kifuate gharama ya kujenga upya, sio bei mliyonunulia, maana bei ina ardhi ndani yake na ardhi haiungui. Bima nyingi zinataka jengo likatiwe angalau asilimia 80 ya gharama hiyo, ukiwa chini, hata hasara ndogo tu ya jiko kuungua wanaweza kukulipa sehemu yake tu, sio yote.

Na maji, hapa ndo watu wengi wanalia. Bomba likipasuka ghafla usiku mkaamka sebule inaelea, kwa kawaida mnalipwa. Bomba lililokuwa linavuja kidogo kidogo miezi sita mpaka mbao zikaoza, hapana, hayo wanaita matunzo, yaani kazi yenu wenyewe. Maji ya mafuriko yanayopanda kutoka nje yakaingia mlangoni hayamo kabisa, yana bima yake, na tetemeko la ardhi vilevile. Ya mafuriko kwa kawaida iko chini ya mpango wa serikali kuu ulioanza 1968, jengo la familia moja unakata mpaka dola 250,000, na mkiichukua pamoja na mkopo inaanza siku hiyohiyo lakini ukingoja ukaikata baadaye kwa kawaida unasubiri siku 30, kwa hiyo usiwaze kuikata ukiona mawingu. Muulize agenti nyumba iko ukanda gani wa mafuriko hata kama benki hawajaidai.

Bima ya mwenye nyumba ya mwaka wa kwanza kwa kawaida mnailipa yote kabla ya siku ya kusaini au siku hiyohiyo, baada ya hapo benki wengi wanakata kidogo kidogo kwenye malipo ya mwezi na kulipa wenyewe. Bado barua za bima zifungue, maana ikikatika benki wanakuwekea ya kwao, ghali, inayolinda jengo tu, na vitu vyenu havimo. Mwambie agenti akuandikie kwenye imeili hesabu ya paa kwa zile bei zote mbili, kabla hujasaini.