Nitampaje baba mkwe mkono unaodondoka jasho?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 26. Tangu nikiwa darasa la tano viganja vyangu vinatoka jasho, hata msimu wa kusi. Skrubu zinaniteleza, na mteja akinipa mkono anajifuta kwenye suruali. Mwezi ujao naoa. Siku ya akdi nitampaje baba mkwe mkono? Jirani anasema ni moyo, bibi anasema ni jini.*

Marahaba, mwanangu. Jini tumwache, na moyo nao sidhani. Je, ukilala viganja vinakauka? Kwenu yupo mwingine mwenye hali hiyo? Kama ndivyo, madaktari wanaijua sana. Tezi zako za jasho ni nzima. Mishipa ya fahamu inayoziamuru ndiyo yenye pupa. Ukiingiwa na hofu kidogo tu inafungulia bomba, ndiyo maana ukiliwaza jasho linazidi.

Ungeniambia limeanza ghafla ukubwani, au linalowesha shuka usiku huku unakonda na kukohoa, ningekufukuza leo leo uende hospitali ya Bombo ukapimwe kifua kikuu. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, hapo wangekupima tezi ya shingo.

Anza na dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini; ya viganja mara nyingi huwa ya asilimia 20. Muulize mfamasia, na asikupe manukato ya kwapa, hayo yanaficha harufu tu. Wengi hukosea hapa: wanapaka asubuhi juu ya jasho, inawawasha, wanaitupa. Wewe paka usiku. Kaa kwanza mbele ya feni mpaka viganja vikauke kabisa, paka, lala, osha asubuhi. Ikiwasha, ruka siku. Na uanze sasa, usingoje wiki ya harusi.

Ikishindikana, mwone daktari wa ngozi. Ipo tiba ya kuchovya viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo, dakika 20 hivi, mara kadhaa kwa wiki. (Nawajua mafundi: usithubutu kuunga chaja mwenyewe!) Zipo sindano za botulinamu, zinakausha kwa miezi kadhaa, ila ni ghali na kiganjani zinauma. Vidonge vinakausha na kinywa pia. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani usiukimbilie: kwa wengi jasho huhamia mgongoni na mapajani, na joto letu la kaskazi unalijua.

Sasa mchumba. Barua nzima hukusema kama anajua. Mwambie yeye kwanza, yeye atajua namna ya kumdokeza baba yake. Siku yenyewe tia kitambaa kwenye mfuko wa kanzu, ujifute kabla shehe hajawaambia mpeane mikono. Kukubali ni maneno machache tu, na baba anayemwoza binti yake, mwanangu, naye viganja vyake havitakuwa vikavu.