Mkanda wa umeme haurudishi diski mahali pake

SWALI: Shikamoo daktari. Nilifanyiwa upasuaji wa diski ya mgongo (ule mto laini kati ya pingili) miaka mitatu iliyopita. Mgongo umetulia kiasi, lakini mguu wa kushoto unawaka moto kuanzia tako hadi kidole gumba, usiku silali. Kaka yangu aliye Uingereza ananiambia kuna kifaa cha umeme kinachopandikizwa mgongoni. Hapa mtaani unauzwa mkanda wa umeme, muuzaji anasema ni kitu kilekile na kinarudisha diski. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue.

Kaka yako hajakosea. Kifaa hicho kipo tangu mwaka 1967, daktari Norman Shealy alipokipandikiza kwa mara ya kwanza Marekani. Waya mwembamba hupitishwa ndani ya mfereji wa pingili, nje ya utando unaofunika mshipa mkuu wa fahamu, na betri hukaa chini ya ngozi ya tako au tumbo. Umeme wake hupunguza makali ya maumivu yanayopelekwa ubongoni. Diski haiguswi kabisa! Anayekuambia umeme wowote, wa ndani au wa nje, unarudisha diski, anakudanganya.

Mguu unaowaka baada ya upasuaji ndiyo hali ambayo kifaa hiki husaidia zaidi, lakini hakuna anayepandikizwa moja kwa moja. Kwanza ni majaribio: waya ndani, betri nje, mgonjwa anarudi kwake kwa siku kadhaa. Anatembea, anapanda ngazi, anaona kama usingizi unakuja. Maumivu yasipopungua angalau kwa nusu, waya unatolewa. Mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka pia maumivu yawe yamedumu miezi 6 au zaidi licha ya matibabu mengine. Kwa hiyo anza na daktari wa mishipa ya fahamu, uende na picha zako za MRI, za kabla ya upasuaji na za baada.

Umeme wa mkanda unaishia kwenye ngozi na misuli. Huenda ukakupa nafuu ya saa chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoniudhi, kwa sababu watu hukaa nayo miezi huku mshipa ukizidi kubanwa. Ninawapokea wakiwa tayari wanaburuza unyayo.

Na ninyi nyote mnaovaa mikanda hiyo: mkisikia ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, au mguu ukiishiwa nguvu, vueni, mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.