Jibu: Mafuriko Korogwe, jina langu halimo kwenye orodha ya msaada

Salaam ndugu. Nimekuelewa: mto umekula mahindi, majirani wameandikwa, wewe haumo. Mimi nalima mpunga bonde la Ruvu, Bagamoyo, na hilo nimelipitia.

Usikimbilie wilayani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazo kamati hadi ngazi ya kijiji, basi anza kwa mtendaji, omba uione fomu ya tathmini kwa macho yako. Mimi niliandikwa kwa jina la mtaani, lisilofanana na la kitambulisho cha taifa (NIDA). Kama hukuandikwa kabisa, mlete afisa ugani shambani kabla hujalima upya, tope na mabua yaliyolala vikiwa bado vinaonekana. Barua yako ya malalamiko igongwe muhuri, ubaki na nakala. Na anayetaka hela ili akuingize jina, usimpe hata shilingi.