Gari ya tabo ikianza kumisi, usinunue kitu kwanza

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, ile GDA yenye injini ya EJ205, boksa (silinda zimelala ubavuni) ya silinda nne na tabo yake, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na hii gari naipenda vile mtu hupenda kitu alichokitamani tangu yuko primari. Mwaka jana ikaanza kumisi, yaani silinda inakosa kuchoma petroli. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, inatulia, nafika nayo kazini Westlands sioni shida, alafu jioni ikishakaa kwenye jam kama dakika 20 ikapata moto, nikikanyaga kupanda Waiyaki Way kuelekea Kikuyu inaanza kutetema, tuk tuk tuk, nguvu imekatika, kama kuna mtu ameishika kwa nyuma, na taa ya injini inapepesa pale kwenye dashibodi.

Kabla sijaenda mbali niseme kuhusu hiyo taa. Ikiwaka tu ikatulia, una muda wa kufika nyumbani ukaangalia polepole. Ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta saa hiyo hiyo, usiseme nimalizie tu hii safari, manake petroli haichomeki ndani ya silinda, inaenda kuchomekea kwenye katalaiza (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), na baadhi ya WRX za miaka ile zina katalaiza ndogo kabla ya tabo, yaani ikipasuka kwa joto vipande vinaingia moja kwa moja kwenye panga za tabo. Hapo ulikuwa na shida ya koili tu, kile kinachopa plagi umeme wa cheche, sasa una shida ya tabo. Pia ile petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda na inashuka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa hivyo chomoa dipstiki unuse, oili ikinuka petroli ibadilishe ukishamaliza kutengeneza.

Sasa mimi nilifanya vile wengi hufanya, nikanunua. Nilienda duka moja la spea nikachukua plagi nne za iridiamu, shilingi 6,000, nikafungiwa, siku mbili gari safi, ya tatu ikarudi vile vile. Nikanunua koili mbili za eksi-Japani, 3,500 kila moja, pia hazikusaidia. Nikaambiwa ni injekta, zile zinazonyunyiza petroli, nikazisafisha. Mpaka hapo nishatoa karibu shilingi 20,000 na sikuwa nimejua hata ni silinda gani inamisi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, si pesa, ni kwamba hakuna mtu aliyeniuliza ni silinda gani, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hilo, silinda gani. Kwa gari zilizotoka Japani za miaka hii ujue kwamba skana ya kawaida inaweza kukataa kuongea na kompyuta ya gari, mafundi wawili walichomeka mashine zao zikasema hakuna mawasiliano wakafikiri kompyuta imekufa. Haijakufa. Subaru za Japani za wakati ule zinaongea lugha yao ya SSM, unahitaji waya wa KKL wa USB na laptop yenye programu kama FreeSSM au RomRaider, zote za bure. Ukiingia utaona namba ya kosa, P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, ivo ivo mpaka P0304, na P0300 inamaanisha inaruka ruka huku na huku. RomRaider pia kwa kompyuta nyingi inakuonyesha namba ya kila silinda ikihesabu vile inavyoyumba, na hii ndio nzuri zaidi manake unaiona hapo hapo gari ikiwa na moto. Yangu ilikuwa silinda ya 3, peke yake, zingine ziko kwenye sifuri.

Kama huna laptop chomoa soketi ya injekta moja moja injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa. Ukichomoa ya silinda nzima injini itashuka na kutetema, ukichomoa ya ile mbovu hakuna kitakachobadilika. Bora injekta kuliko koili, ukichomoa koili bado petroli inaendelea kumwagwa na inaenda kwenye katalaiza kama nilivyosema. Na kwa wale hawajui mpangilio, 1 na 3 ziko kulia yaani upande wa dereva kwetu, 2 na 4 kushoto, 1 na 2 ndio za mbele. Kulia unatoa boksi la ea klina ndio mkono uingie, kushoto unatoa betri. Boksa inalala, plagi ziko ubavuni, lazima uwe na subira na ekstensheni fupi na ndefu, na usifungue plagi injini ikiwa moto wa kuchoma, hedi ni ya alumini utaharibu nyuzi za kufungia plagi.

Ukishajua silinda, hamisha. Usinunue, hamisha. Koili ya 3 ipeleke 1, ya 1 ije 3, endesha mpaka ipate moto, soma tena. Kosa likihamia silinda ya 1 basi koili ndio mbaya na sasa unaweza kununua koili moja ukiwa na raha. Likibaki 3, koili ni nzima, hamia plagi, ifanyie vivyo hivyo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha viwili gari ikapona hutajua ni kipi na ikirudi utaanza upya. Wakati plagi iko mkononi iangalie vizuri, nyeusi yenye masizi ina maana petroli ni nyingi au moto ni mdogo, ikiwa imelowa petroli haijachoma kabisa, na ukiona shimo la plagi lina oili basi sili za kava ya valvu zimechoka na ile oili inaharibu mpira wa koili. Pima pia mwanya, gari ya tabo haitaki mwanya mkubwa, mimi naweka 0.7 mpaka 0.8 mm, manake tabo ikisukuma hewa nyingi ndani cheche inapata tabu kuruka, na ndio sababu mwanya ukiwa mkubwa gari inatulia vizuri imesimama lakini ukikanyaga tu inamisi.

Kwangu koili ilihamia 1, kosa likabaki 3. Plagi ikahama, kosa likabaki 3. Injekta ikahama (hii ni kazi, usiifanye kama hujafanya zile zingine) kosa likabaki 3.

Hapo ndipo fundi mmoja akapima kompresheni, presha ya hewa inayokandamizwa ndani ya silinda, na akanitisha. Alipata 118, 120, 117 na 119 psi, akaniambia hii injini imekwisha, WRX inatakiwa iwe 140 na kitu, ringi zimeisha, tafuta nusu injini, shilingi 180,000 na kazi yake mbali. Nilirudi nyumbani sikulala. Nilikuwa nishaanza kuandika tangazo la kuiuza kama ilivyo.

Asubuhi nikampigia ami yangu Mombasa, fundi wa miaka mingi, gereji yake ni ya chini ya mti lakini kichwa chake wallahi ni kama kompyuta. Nikamwambia ami injini imekufa, kompresheni ni 117. Akaniuliza, "Na hizo nyingine tatu?" Nikamsomea. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Mwanangu, zimelingana. Injini iliyokufa silinda moja hailingani na wenzake. Na wewe uko Nairobi, hewa yenu nyepesi, huyo fundi wako anasoma namba za huku baharini."

Hebu tulia hapo manake hii ni muhimu sana kwa mtu yeyote anayepima injini kwenye miji ya juu, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha pia. Kompresheni ni hewa iliyoko nje ikiingia na kukandamizwa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ina presha ya kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Kwa hivyo injini ile ile, geji ile ile, ikisoma 145 Mombasa itasoma kama 119 Nairobi, bila kuharibika chochote. Namba za kwenye vitabu ni za usawa wa bahari. Najiuliza ni injini ngapi nzima zimefunguliwa mjini hapa kwa sababu ya hii kitu, na mtu akifungua injini nzima ya boksa kuirudisha vile ilivyokuwa ni bahati.

Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, ikizidi kama psi 7 anza kuuliza maswali. Na ipimwe vizuri: injini iwe na moto kiasi (si wa kuchoma, kumbuka zile nyuzi za hedi), plagi zote nne zimetoka, petroli imekatwa kwa kuchomoa rilei ya pampu, koili zimechomolewa, betri ina nguvu, mtu amekanyaga mafuta mpaka chini muda wote, na kila silinda ipigwe stata mara sawa. Asipokanyaga mafuta hewa haiingii ya kutosha na namba zitashuka zote. Wengine hutia oili kidogo kwenye silinda iliyo chini waone kama namba itapanda, kwa injini iliyosimama wima ni sawa lakini boksa imelala, oili inakaa upande mmoja tu wa pistoni, usiiamini sana. Bora upimwe kwa upepo wa kompresa, pistoni imefika mwisho wa kukandamiza na valvu zimefungwa, alafu unasikiliza unatokea wapi: kwenye mfuniko wa oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye mdomo wa kuingizia hewa ni valvu ya kuingizia, na rejeta ikitoa povu ni gasketi ya hedi.

Sasa angalia tulikobaki. Koili nzima, plagi nzima, injekta nzima, kompresheni sawa zote nne, na bado ni silinda ya 3 na bado ni ikipata moto tu. Ami akaniuliza swali moja, tabo yako imekaa wapi? Kulia nyuma. Na silinda ya 3 iko wapi? Kulia nyuma. "Basi nenda ukaushike ule waya."

Nikaenda. Waya wa soketi ya koili ya 3 ulikuwa mgumu kama makuti makavu, miaka 20 unachomwa na joto la tabo, plastiki ya soketi nikiigusa inavunjika kama biskuti. Nikapima kwa mita, waya wa moto (ule unaoleta umeme wa betri) unaleta volti 12.4, nikasema aah mbona mzima. Nikampigia tena ami na hapa ndio akanifundisha kitu ambacho sitasahau, mita haili umeme, hata uzi mmoja wa waya ukibaki umeshikana mita itakuonyesha volti zote. Weka taa. Nikachukua globu ya indiketa ya wati 21, upande mmoja kwenye waya wa moto wa ile soketi, mwingine kwenye graundi ya betri, swichi imewashwa. Kwa baridi ikawaka. Nikawasha gari, nikaiacha dakika 25 ipate moto, nikazima, nikarudisha swichi na taa, nikauchezesha ule waya kidogo, taa ikafifia ikazima, nikiuachia inarudi nyekundu nyekundu. Nilipiga kelele pale parking jirani akatoka nje kuangalia.

Tulipoupasua, ndani kulikuwa na nyuzi mbili tatu za shaba zimeshikana, zingine zote zimekatika na kugeuka kijani. Kwa baridi zinagusana, kwa joto zinaachana, koili inakosa nguvu wakati tu inapohitaji nguvu nyingi, yaani nikikanyaga. Nilitafuta soketi yenye waya wake kwenye gari iliyovunjwa, nikakata mpaka penye shaba safi, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikafunika kwa mpira wa kusinyaa, juu nikaweka soksi ya kuzuia joto, na nikaupitisha mbali na tabo. Shilingi 1,500 pamoja na soksi. Nilipima na taa waya wa graundi pia, safari hii upande mwingine wa globu ukiwa kwenye pozitivu ya betri, ulikuwa mzima, lakini nikabadilisha nyaya zote tatu za soketi manake zimeungua pamoja.

Kama shida yako si ya silinda moja, inaruka ruka, basi haya ya kuhamisha hayatakusaidia, angalia hewa inayovuja kati ya sensa ya hewa na injini, mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo) ikiwa imepasuka gari inamisi ukikanyaga na inatoa moshi mweusi, alafu pampu na filta ya petroli. Hiyo ni habari ingine ndefu.

Desemba nikashuka nayo Mombasa, kilomita 480, haikumisi hata mara moja, wala pale inapopata moto kwenye foleni ya malori Mariakani. Nilikuwa nimebeba geji ile ile. Ami hakutaka hata chai kwanza, akasema toa plagi. Silinda ya kwanza 143, ya pili 146, ya tatu 142, ya nne 145. Akaziandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati lake la spana, na chini yake akaandika zile za Nairobi.