Kupasua namba ukiwa na sehemu tu ya kigawo: cha muhimu ni sehemu hiyo imekaa wapi

Ndugu aliyeuliza kama kujua tarakimu chache tu za vigawo kunasaidia kupasua namba kubwa, yaani kupata vigawo vyake: kunasaidia mno, ila kabla ya lolote tazama tarakimu hizo ziko upande gani.

Chukua 450181, zao la namba tasa mbili. Karatasi imefutika na unaona 5?7 na ?2? tu. Ukibahatisha, una michanganyiko mia kadhaa ya kujaribu. Usibahatishe, anzia mamoja. 7 mara ngapi huishia na 1? Ni 3 pekee, 21. Andika 1, beba 2. Sasa makumi: 7 mara 2 ni 14, ongeza 2 uliyobeba, 16, kisha ongeza 3 mara ile tarakimu iliyofutika. Jibu lazima liishie na 8, kwa hiyo ni 4. Kigawo ni 547. Gawanya, unapata 823.

Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1, kutoka kulia. Panapokosekana biti njia zinagawanyika, na kila biti unayoijua inaziba zisizofaa. Mwaka 2009 Nadia Heninger na Hovav Shacham walionyesha kwamba ukijua takriban asilimia 57 ya biti za p na q, vile vigawo viwili vya namba kubwa N, hata zikiwa zimetawanyika ovyo, kazi inakwisha haraka.

Zikiwa zimeshikana, mambo ni mazuri zaidi. Rivest na Shamir mwaka 1985 walihitaji theluthi mbili za kigawo. Mwaka 1996 Don Coppersmith akashusha hadi nusu, vigawo vikiwa na urefu sawa. Kwa N ya biti 2048, biti 512 za juu za p zinatosha! Bila msaada huo, N ya biti 829 iliyopasuliwa mwaka 2020 ilihitaji kompyuta nyingi mno.

Hilo nimeliona kwa macho yangu katika ofisi moja Upper Hill, Nairobi. Ufunguo wa siri wa RSA (unaobeba p na q ndani yake) wa kufungulia nakala za akiba ulikuwa umebaki kwenye karatasi iliyochapishwa, nayo ikaingia maji. Katika uchapishaji ule kila herufi ni biti 6 na mstari una herufi 64, kwa hiyo p nzima haifiki mistari mitatu. Sehemu ya juu ya p, kama mistari miwili, ilisomeka. N tulikuwa nayo kwenye ufunguo wa umma, ule usiofichwa. Niliandika p = a + x, a ikiwa ile inayosomeka na x ile iliyofutika, nikatumia small_roots, amri ya programu ya hesabu ya SageMath inayotumia njia ya Coppersmith, na x ikatoka papo hapo.

Ndiyo maana nawasihi wanaotuma picha za funguo kwenye magrupu ya WhatsApp wakiwa wamefunika mistari michache: ufunguo huo umeshavuja, toa mwingine leo.

Ukijaribu mwenyewe, weka beta (kipimo unachoipa small_roots kuonyesha ukubwa wa kigawo kulinganisha na N) chini kidogo ya 0.5, ukiiacha ilivyo utapata orodha tupu na kudhani umekwama. Na ukiwa na nusu kasoro biti chache, usikate tamaa. Biti 5 zilizopungua ni majaribio 32 tu. Pitia yote, lakini punguza epsilon, kipimo kingine cha small_roots: ikiwa ndogo x kubwa zaidi hupatikana, ingawa karibu na nusu hesabu inakuwa nzito sana.